Chura wa vipele na chura laini: mnawatofautishaje? (Niko Newala)

MamaWawili_Newala:

Wakuu habari za jioni. Nipo Newala, upande wa vijijini, na kwetu kama mnavyojua maji ni ya kukinga batini. Tuna tangi la saruji limechimbiwa chini nyuma ya nyumba. Mfuniko wake wa mbao umeoza upande mmoja, na tangu mvua zianze humo ndani kuna wapangaji.

Kijana wangu yuko kidato cha tatu. Kapewa kazi ya nyumbani, aeleze tofauti kati ya chura wa majini na chura wa nchi kavu. Daftari lake linasema hivi: wa majini ana ngozi laini yenye unyevu, miguu mirefu, anaruka mbali. Wa nchi kavu ana ngozi kavu ya vipele, miguu mifupi, anadundadunda. Kakariri vizuri tu. Mimi nikamwambia chukua tochi twende tukawaone wenyewe.

Aisee. Kwenye ukuta wa choo kuna chura wa kijivu, mkavu, kabandika vidole ukutani juu kabisa, hana vipele vya kusema. Chini ya taa ya barazani kuna mnene wa vipele, anakula kumbikumbi bila wasiwasi. Halafu ndani ya tangi wako wawili wenye vipele vilevile, wanaogelea. Mtoto ananiuliza, mama, hawa wa kwenye tangi niwaandike wapi, wa majini au wa nchi kavu? Sikuwa na jibu.

Jambo la pili ni mbwa wetu. Alimdaka huyo mnene, akamtema palepale, akaanza kutoka povu na kujifuta mdomo kwa miguu. Asubuhi alikuwa mzima. Mama mkwe anasema yule ni chura wa sumu, mkojo wake unaotesha chunjua, kwa hiyo kila jioni anazunguka uani na kopo la chumvi. Sipendi ninachokiona lakini huwezi kumbishia mama mkwe mikono mitupu. Mwenye ujuzi anisaidie, kwa lugha ya kawaida tafadhali.

Mtu_wa_Shangani:

Dada, chura ni chura. Muulize mwalimu anataka jibu gani, mpe hilo hilo, maisha yaendelee. Ila chumvi inafanya kazi, hilo nathibitisha.

BwanaShambaMstaafu:

Mama, hongera kwa kumtoa mtoto nje na tochi. Mimi nimekuwa bwana shamba mikoa hii ya kusini mpaka nikastaafu, sasa niko Mtama na mikorosho yangu michache. Kazi yetu ilikuwa wadudu na magonjwa ya mimea, lakini huwezi kulala vijijini miaka yote hiyo, masika baada ya masika, usijifunze vyura. Wanakulazimisha. Huyu mtu wa Shangani namjibu baadaye.

Tuanze na daftari. Linampa mtoto picha ya makundi mawili yanayotazamana, huku wa majini, kule wa nchi kavu, kila mmoja na sifa zake. Haiko hivyo. Kundi ni moja, la vyura wote, na jina lake la kitaalamu ni Anura. Lina aina zaidi ya 7,000 duniani, zimegawanywa katika familia zaidi ya 50. Chura wa vipele halisi ni familia moja tu kati ya hizo, inaitwa Bufonidae, ina aina zaidi ya 600. Kwa hiyo huyo mnene wa barazani ni chura kamili kama wenzake, ila ana ukoo wake. Hao wengine wote wanaobaki hawafanyi ukoo mmoja. Wa ukutani na wa kwenye majaruba ya mpunga wanaweza kuwa mbali kinasaba kuliko unavyodhani, ingawa daftari limewatia kapu moja.

Sifa hizo za daftari zimetoka wapi? Zimetoka Ulaya. Uingereza, kwa mfano, ina aina nne tu za vyura wa asili, wawili wa vipele na wawili laini. Ukiwa na aina nne, sheria ya "huyu mkavu anadunda, yule laini anaruka" inakutosha mpaka uzeeni. Sasa uichukue sheria hiyo uje nayo Newala mwezi wa kwanza, mvua imepiga, halafu usikilize hiyo kelele ya usiku. Itakufia mkononi kabla hujafika chooni, kama ulivyoona mwenyewe.

Mimi nikitaka kumjua chura wa vipele naangalia nyuma ya jicho. Mwelekeze mtoto taa yake huyo wa barazani, amkaribie taratibu, wala asimguse. Ataona nyuma ya kila jicho uvimbe mrefu, umelala kuelekea begani, una vitundu vidogo vidogo. Hizo ni tezi za sumu. Vipele vya mgongoni navyo ni tezi, ila hizo mbili ndizo ghala. Chura akibanwa, akitiwa meno, zinatoa utomvu mweupe mzito. Harushi, hatemi, msiogope kupita karibu. Utomvu lazima ukamuliwe, na mbwa wako ndiye aliyeukamua. Sumu yenyewe ina kemikali zinazogusa moyo, na ladha yake kwa vyovyote ni mbaya sana, maana mbwa mwenye akili hamrudii chura mara ya pili. Wako wasio na akili.

Ikitokea tena, mwoshe mbwa mdomo kwa maji mengi safi, umwinamishe kichwa maji yatoke nje, yasirudi kooni. Mpanguse fizi na ulimi kwa kitambaa kibichi. Msimpe maziwa wala mafuta ya kula kama wengi wanavyofanya. Ukiona anapepesuka, anatetemeka au anahema vibaya, hapo ni kwa mtaalamu wa mifugo, na upesi, hasa akiwa mtoto wa mbwa.

Chunjua sasa. Zinaletwa na virusi, na virusi hivyo ni vya binadamu kwa binadamu. Mtu anavipata kwa kushikana ngozi, kwa taulo, kwa kutembea peku bafuni. Chura hana virusi hivyo, si mgongoni wala kwenye mkojo. Ule mkojo anaokumwagia ukimshika ni maji aliyojiwekea akiba kwenye kibofu, na kwa sababu chura hanywi kwa mdomo, akiba hiyo ni mali. Anakunywa kwa ngozi ya tumboni. Wakati wa kiangazi nenda usiku pale mnapoweka mtungi, palipo na tope la matone. Utamkuta kakaa kitako, kajitandaza, mapaja kayafungua, hatingishiki. Yuko kisimani huyo.

Hapo ndipo chumvi inapoonyesha ubaya wake. Ngozi ile ile inayopitisha maji kuingia ndiyo inayoyatoa. Ukimmwagia chumvi maji yanatolewa mwilini akiwa hai, na sehemu ya pumzi yake pia inapita kwenye ngozi hiyo. Anakufa taratibu, kwa mateso. Mtu wa Shangani anasema inafanya kazi. Ndiyo, hata moto unafanya kazi. Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba huyo aliyemchukia anakula kumbikumbi, mende, mchwa, jongoo na nge wadogo kila usiku pale pale barazani, bila malipo. Akitaka asimwone, azime taa ya nje. Chura hafuati nyumba, anafuata wadudu wanaofuata taa.

Ila pia nisimpambe kupita kiasi. Wakulima wengi wamewahi kuniuliza kama vyura watawamalizia mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi, si mbu wa kuuma watu. Hapana. Mbu wa mikorosho yuko juu kwenye machipukizi, chura wa vipele yuko chini kwenye majani makavu, hawakutani. Mwaka 1922 kuna watu walimpeleka chura wa aina hii ya kwetu kisiwani Mauritius, ale mbawakawa wa miwa. Miwa haikuona nafuu, na vyura wapo mpaka leo.

Yule wako wa barazani nadhani ndiye wa aina hiyo iliyopelekwa Mauritius, jina lake la kitaalamu ni *Sclerophrys gutturalis*. Mwangalie juu ya kichwa. Mabaka meusi yanaacha nafasi nyeupe katikati iliyokaa kama msalaba. Akinyoosha mguu wa nyuma, ndani ya paja kuna wekundu. Sauti yake ni mkoromo mzito unaokatika na kuanza tena, na anayekoroma ni dume. Yuko wa pili anafanana naye sana, mdogo kidogo, hana wekundu ule.

Na muone anavyomeza! Hii ndiyo niliyopenda kuwaonyesha watoto. Ulimi wake umeshikizwa mbele ya mdomo, si nyuma, kwa hiyo unafunguka kwenda nje. Kumbikumbi akishanaswa, chura anafumba macho. Watu wanadhani anafurahia utamu. Kumbe macho yanazama ndani, yanashuka mpaka paa la kinywa na kusukuma chakula kooni. Meno hana hata moja, juu wala chini. Vyura wengi wa koo nyingine wana vijino vidogo taya la juu, vya kushikilia tu. Daftari lingetaja hilo ningelisamehe mengi.

Haya, wa kwenye tangi. Chura wa vipele anaishi nchi kavu, lakini kutaga anataga majini, na wako hao wawili hawakuhamia humo, walikwenda kuzaana. Mmoja mdogo kampanda mwenzake mgongoni, kamkumbatia kwapani? Basi ndiyo hivyo. Asubuhi angalia pembeni mwa maji utaona mayai, na mayai ndiyo alama nyingine ninayoiamini. Ya chura wa vipele yametungwa kwenye nyuzi ndefu za ute, punje nyeusi moja baada ya nyingine kama ushanga, zimezungushwa kwenye majani au zimelala chini. Jike mkubwa anaweza kutaga zaidi ya 10,000 kwa mkupuo. Vyura wengine wengi wanataga kwa rundo, au yai mojamoja, au utando unaoelea juu. Uzi ni wa ukoo ule.

Lakini tangi si bwawa. Kuta za saruji zimesimama wima, chura wa vipele hawezi kupanda, atachoka na kufia humo, na maji mnakunywa. Watoe kwa ndoo au chandarua kilichozeeka, nyuzi za mayai zitoe kwa ufito, zitupe kwenye dimbwi lolote la mvua. Kisha tengeneza mfuniko, na mdomo wa bomba linaloshusha maji kutoka batini ufunge wavu wa chuma. Wakati fundi hajaja, weka ubao wenye mikwaruzo kutoka majini hadi ukingoni, waliotumbukia wapate kutoka wenyewe.

Mwl_Masasi:

Shikamoo mzee. Mimi nafundisha bailojia hapa Masasi, kwa hiyo daftari hilo linanihusu kwa namna fulani. Nikubaliane na wewe kwa mengi, ila mtihani wa taifa una dakika zake. Mwanafunzi akianza kuandika habari za Mauritius muda unakwisha. Ngozi, miguu, makazi, mayai, tezi: alama zake anapata. Na pia naona umeponda sheria ya daftari kisha ukaweka yako, tezi na nyuzi. Hiyo yako haina walioivunja?

BwanaShambaMstaafu:

Marahaba mwalimu. Swali zuri, na jibu ni kwamba inavunjwa.

Yuko chura wa vipele mwekundu, *Schismaderma carens*, yupo Tanzania na kushuka hadi Afrika Kusini. Mgongo wa rangi ya matofali, una madoa mawili meusi chini karibu na nyonga. Ni wa familia ile ile ya Bufonidae lakini zile tezi nyuma ya jicho huzioni. Mayai yake ni nyuzi kama kawaida. Viluwiluwi wake wanakwenda kwa kundi, mamia kwa pamoja, wamejikusanya wingu zito jeusi linalozunguka bwawani. Ukiona wingu hilo humsahau.

Na yuko wa Kihansi, ambaye mwalimu nina hakika unamfundisha. *Nectophrynoides asperginis*, kidogo, hafiki hata sentimita tatu. Kwa ukoo ni wa vipele, kwa sura humdhanii, ngozi ya manjano laini. Huyo hatagi kabisa, anazaa watoto waliokamilika. Aliishi sehemu moja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi kule Udzungwa. Maji yalipochepushwa kwa ajili ya umeme manyunyu yakapungua, ukaja na ugonjwa wa kuvu wa ngozi, na mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Waliokuwa wamebaki ni waliokuwa wakifugwa Marekani, Bronx na Toledo. Walianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Kwa hiyo nyuzi zangu zinakatika kwa huyo, nakubali.

Tena huku kwetu pwani yuko mdogo mwingine wa ukoo huo huo, *Mertensophryne micranotis*, wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Haendi bwawani. Anatafuta maji kidogo yaliyotuama kwenye tundu la mti, kwenye kifuu cha nazi, hata ndani ya gamba la konokono, anazalia humo. Kiluwiluwi wake ana kitu kama taji kichwani. Mtu anayepita msituni akidharau kifuu kilichojaa maji ya mvua anapita juu ya wodi ya wazazi.

Kuhusu mtihani, sina ugomvi. Kijana aandike yale yale ya daftari, ila aanze kila sentensi na "kwa kawaida". Neno hilo halikatwi alama na linamlinda.

Mwl_Masasi:

Hahaha, nitalitumia. Hilo la kifuu sikuwahi kulisikia, nitawapeleka wanafunzi kutafuta.

Kijana_wa_Kilwa:

Naomba kuongezea kuhusu yule wa ukutani chooni. Kwetu Kilwa akiingia ndani mama anasema mvua iko njiani. Usiku tukiwa tunachota maji lambo la ng'ombe, kwenye tawi lililoinamia maji kuna povu jeupe limening'inia, kubwa kama ngumi mbili. Mzee mmoja alituambia ni mate ya nyoka. Niliwahi kulipasua na kijiti likawa na vitu vya maji ndani. Nahisi yanahusiana na huyo chura?

BwanaShambaMstaafu:

Yanahusiana kabisa. Umempa mtoto wa mama jibu lake la ukutani.

Huyo ni *Chiromantis xerampelina*. Hana ukoo na wa vipele hata kidogo, na daftari lingemweka kwa nani sijui. Ngozi yake haina unyevu, haogopi jua. Mchana anakaa kwenye tawi au ukutani juani, kajikunja miguu yote chini ya mwili, na joto likizidi anageuka mweupe karibu na chokaa ili arudishe mwanga. Vyura wengi wangekauka kwa saa chache mahali alipokaa yeye. Anabana maji hata kwenye haja: anatoa takataka nzito nyeupe kama ndege, hamwagi mkojo mwingi. Ncha za vidole ni sahani za kunatia, ndiyo maana yuko juu ya ukuta. Chura wa vipele vidole vyake ni vya kuchakurachakura chini tu, hapandi ukuta uliosimama.

Povu ni kiota chake. Usiku jike anatoa ute, anaukoroga kwa miguu ya nyuma, na madume, wakati mwingine zaidi ya mmoja, wanakoroga naye mpaka ute unaumuka. Mayai yako katikati. Nje linakauka na kuwa gamba, ndani linabaki bichi. Siku chache zikipita viluwiluwi wanalainisha sehemu ya chini na kudondoka majini mmoja mmoja. Ndiyo maana tawi lazima liwe juu ya maji. Akikosea, akajenga juu ya bati lako au juu ya uwanja mkavu, wote wanakufa. Kwa hiyo ukiona povu juu ya dimbwi lililoanza kukauka, ukiweza weka beseni la maji chini yake. Watoto wanafurahia sana kuangalia viluwiluwi wanavyodondoka kama mvua.

Na mate ya nyoka hayo mwambie mzee wako nyoka hana mate ya kiasi hicho.

MamaWawili_Newala:

Shikamoo mzee wangu, asante sana. Nimemsomea mama mkwe maelezo ya kibofu na chumvi, kanyamaza, kisha akasema "basi wamwagieni maji aende". Kopo limerudi jikoni. Nyuzi nimeziona kwenye tangi, kijana kazitoa kwa ufito, fundi nimeshaongea naye kuhusu mfuniko.

Sasa nina mwingine. Tunapalilia chini ya mikorosho, jembe la mume wangu likafukua chura wa duara, mkubwa kiasi cha limau, kahawia, uso umefupishwa kama umegonga ukuta, miguu haionekani. Akajijaza upepo akawa mpira mtupu. Halafu eti akatoa maziwa mgongoni. Huyu si wa vipele?

BwanaShambaMstaafu:

Marahaba mama. Mama mkwe ni mtu mwelewa, msalimie.

Hapana, huyo si wa vipele, ingawa wengi wanamchanganya. Ni *Breviceps mossambicus*, wa familia tofauti kabisa, ya vyura wa mvua. Mjerumani Wilhelm Peters ndiye aliyemwandika mwaka 1854 kutokana na vielelezo vya Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma hapo, lakini chura hajui mpaka. Mwangalie nyuma ya jicho: uvimbe wa tezi haupo. Mwangalie mdomo: mdogo mno, umeelekea chini. Kichwa na mwili havina shingo wala kiungo. Ule ute mgongoni unanata vibaya, na una kazi mbili. Ya kwanza ni kwako, umwache. Ya pili ni harusi. Dume ni mdogo sana kuliko jike na mikono yake haimfikii kumkumbatia, kwa hiyo anagandishwa kwenye mgongo wake kwa gundi. Wanashuka ardhini hivyo hivyo wameshikamana, jike akichimba kwa miguu ya nyuma, kinyumenyume.

Mayai yanakaa kwenye chumba chini ya udongo. Hakuna dimbwi, hakuna kiluwiluwi anayeogelea. Wanatoka huko wakiwa vyura kamili, wadogo mno. Huyo chura hajagusa bwawa tangu azaliwe, na ukimtupa majini kwa huruma unamuua. Nasisitiza kwa sababu nimeona watu wazuri wakifanya hivyo. Mkimfukua wakati wa palizi, mrudishie udongo palepale, chini ya kivuli cha mkorosho, usiushindilie.

Mwambie kijana aliandike hili kwenye daftari pembeni: wa duara, ngozi ya mikunyanzi, anaishi nchi kavu kuliko chura yeyote wa vipele, na si wa ukoo ule. Naye yule anayeishi majini moja kwa moja, wa visima vya wazi na mabwawa ya pwani, mwenye kucha tatu nyeusi kila mguu wa nyuma na asiye na ulimi, *Xenopus muelleri*, ndiye pekee atakayelingana vizuri na "chura wa majini" wa mwalimu. Akitoka nje anatambaa kama mlevi.

Jambo moja la hatari nililisahau. Ngozi laini si alama ya usalama. Kuna mweusi unaong'aa, ana mistari miwili mekundu au ya waridi ubavuni, hatembei kwa kuruka, anatembea kwa miguu minne taratibu. *Phrynomantis bifasciatus*. Laini kama raba, na utomvu wake unawasha mikono na una sumu. Watoto wanampenda kwa rangi. Wamwangalie tu, na aliyemshika anawe kabla ya kugusa macho.

Mtu_wa_Shangani:

Mzee nimesoma yote, chumvi nimeacha. Sasa nina swali la mwanaume mwenye njaa. Jirani yangu Mmakua wa ng'ambo anasema kwao wanakula chura mkubwa wa kijani anayetoka mvua za kwanza. Anatania?

BwanaShambaMstaafu:

Hatanii. Ni *Pyxicephalus edulis*, na Peters huyo huyo alimpa jina la "wa kuliwa" mwaka 1854 kwa sababu aliona anavyoliwa Msumbiji. Mnene, mabegani ana nguvu, mgongo una mikunjo mirefu, na taya la chini lina vitu viwili kama meno. Anauma kweli, usimchezee na kidole. Anakaa ardhini miezi mingi, anatoka mvua kubwa zikijaza mabwawa ya muda, na ndipo wanapomkamata.

Tatizo ni kwamba kwenye bwawa hilo hilo, usiku huo huo, wa vipele nao wamekuja kutaga, na kwa tochi mbovu mtu mwenye haraka anaweza kuwatia gunia moja. Kupika hakuondoi sumu ya wa vipele. Jirani yako kama kweli ni mjuzi atakwambia anaangalia nini kabla ya kumtia mkononi. Akijibu "wakubwa wote wanaliwa", wewe kula dagaa.